Bibi Mgonjwa wa Utemini

Serikali iliporuhusu tena watu binafsi kufanya biashara, mwalimu wetu wa chuo kikuu alitutuma Singida kutafiti jinsi mji unavyokua. Ripoti yetu ndiyo ingeamua nguzo za umeme zianzie kata ipi. Mimi nikapewa Utemini. Nilikuwa na dodoso, saa ya mkononi na kiburi cha mwaka wa tatu.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, mzaliwa wa kijiji cha Sepuka. Kila asubuhi, hata sijapiga mswaki, ananiuliza, "Mwanangu, umeme utafika lini?" Hakuna aliyeutaka kama yeye. Nikamwambia avute subira, lazima kwanza tuhesabu biashara za mtaa. Laiti ningefunga mdomo.

Maana pale kila mtu alikuwa na mradi, na kila mtu aliuficha. Jana tu walikuwa wanaitwa walanguzi kwa debe moja la mafuta. Leo redio inasema uzeni, nao wanasema tutaona. Mwenye karatasi na kalamu ni mtu wa kodi, hata aape. Fundi aliniambia cherehani yake ni meza. Mama ntilie alidai wale wanaume wanaokula pale kwake ni mashemeji zake. Nami, kwa utii wa kijinga, nikaandika: mashemeji.

Zamu ya nyumba yetu ikafika. Mama akanitembeza mpaka stoo ya uani, nisikowahi kuingia. Kila siku nilisikia mlio wa chuma huko, nikadhani ni kwa jirani. Kwenye kona palikuwa na kitu mfano wa mtu aliyejikunyata, kimefunikwa khanga gubigubi.

"Na huyu ni nani, mama?"

"Bibi yako. Ameletwa kutoka kijijini, anaumwa."

Nimelelewa vizuri. Nikainama. "Shikamoo, bibi."

Mama akaitikia kwa niaba yake, "Marahaba. Amelala huyo, mwanangu."

Ndipo nikaona bibi anadondosha mafuta kwenye sufuria. Mafuta ya alizeti, yale yale niliyokuwa nakaangiwa mayai. Ilikuwa mashine ya kukamulia, ya kuvuta mpini kwa mkono. Nikamtazama mama, naye akanitazama. Sasa mtoto aliyelelewa atamwambiaje mtu mzima kwamba anasema uongo? Nikaandika: biashara, hakuna; mgonjwa, mmoja. Jioni akanichinjia kuku.

Ripoti ikatoka na jalada zuri la bluu. Ilisema Utemini ni kata ya kulala tu, haina biashara ya maana. Nguzo zikaenda kwingine. Mwalimu akanisifu kwa takwimu safi, nami nikazipokea sifa hizo bila haya.

Nilirudi miaka kadhaa baadaye. Mama alikuwa stoo, anavuta mpini, bega moja limeshuka. Nilikwenda kuomba radhi, lakini mdomo wangu ukaanza kujitetea.

"Mama, si wewe uliyesema huna biashara?"

"Nilisema." Hakuacha kuvuta. "Mimi nilikuwa naogopa kodi. Wewe uliyaona mafuta. Ulikuwa unaogopa nini?"

Akapumzika kidogo, akajifuta jasho kwa upande wa khanga.

"Haya, msalimie bibi yako. Alipona zamani, umeme tu ndio hajauona."

Nikainama, nikasema shikamoo. Safari hii hakuna aliyeitikia. Nikavua koti, nikashika mpini, nikavuta mpaka gunia la alizeti likaisha.