Kiti cha Sita

Kazini walimwita Bwana Viti, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mhudumu wa ukumbi katika ofisi kubwa ya serikali, na kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa ileile: viti vitoke stoo, vipangwe, watu wavikalie, virudi stoo. Ukumbi ulichukua viti mia mbili na arobaini. Alivibeba vinne vinne, viwili kila mkono, na akitupa jicho mara moja tu alijua kwamba safu ya tisa imepungukiwa na kimoja.

Ghorofa ya pili kulikuwa na chumba cha mikutano chenye meza ya duara, na huko ndiko ustadi wake ulikoonekana. Kiti kinachotazama mlango ni cha mkuu. Mhasibu na bwana ununuzi hawaketi jirani, maana walishawahi kurushiana mafaili. Mama wa utumishi asipigwe na feni. Watu wazima na shahada zao walikuwa wakipangwa na mtu aliyeishia shule ya msingi, mikutano ikaisha kwa amani, nao wakadhani amani hiyo wameileta wenyewe.

Tena alikuwa na desturi yake ambayo hakufundishwa na mtu. Mkutano ukianza na mmoja hajafika, Bwana Viti aliingia kwa kunyata, akakitoa kiti cha huyo mtu, akavisogeza vingine kidogo mpaka pengo likapotea. Mlinzi wa getini, rafiki yake wa siku nyingi, alimuuliza siku moja kwa nini anajisumbua.

"Asiyekuwepo na lake halipo," akamjibu. "Ukiacha kiti kitupu, watu wanakiangalia hicho. Kazi haiendi."

Halafu goti la kulia likaanza kujaa maji. Daktari hakumficha. "Mzee wangu, ukiendelea kubeba, utakuja kubebwa." Ofisini ikabaki njia moja tu: ahamie masjala, akae mezani kupanga mafaili. Lakini masjala haikuingiwa bila mtihani wa uwezo, na mtihani ulikuwa na sharti lake: aliyepita miaka arobaini na mitano haruhusiwi. Alishaufanya mara mbili, akaanguka mara mbili. Mwaka ule ndio alikuwa akitimiza arobaini na mitano. Akianguka tena, anapewa barua ya kupumzishwa, na nyumbani kuna watoto wanne wanaosoma.

Kilichokuwa kikimwangusha ni maswali ya mpangilio. Watu sita wasimame mbele ya mpiga picha kwa njia ngapi? Vitabu vinne vipangwe rafuni kwa njia ngapi? Ni nani aliyeamua kwamba mtu hawezi kupanga mafaili mpaka ajue mambo hayo, hakuna ajuaye, na huenda hata aliyeamua ameshasahau. Lakini mwenye kisu ndiye anayekula nyama, na kisu walikuwa nacho wao.

Mkewe alifundisha hesabu shule ya msingi. Bwana Viti alimwita Mwalimu hata walipokuwa wawili peke yao. Alipoanguka mara ya pili, Mwalimu hakumpa pole. Alinunua daftari la mraba mraba, akamkalisha Jumapili mchana kwenye meza yao ya kulia, meza ya duara yenye viti sita.

"Shida yako," alimwambia, "unadhani hesabu hizi ni za watu wengine. Kumbe unazifanya kila siku, ila huziandiki. Haya, watu sita wanaingia, viti sita viko kwenye mstari. Kiti cha kwanza, wangapi wanaweza kukikalia?"

"Yeyote kati ya sita."

"Mmoja ameshakaa. Cha pili?"

"Watano waliobaki."

"Cha tatu?"

Akaelewa. Sita mara tano, mara nne, mara tatu, mara mbili, mara moja. Alizidisha pembeni mwa daftari, akafuta, akazidisha tena, akainua uso kama mtu aliyeibiwa. "Mia saba na ishirini? Watu sita tu?"

"Watu sita tu."

"Ndiyo maana mikutano yao haiishi."

Mwalimu alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Bwana Viti alikikumbuka sana kicheko kile baadaye.

Waliendelea hivyo Jumapili kadhaa. Jumapili ya mwisho Mwalimu alifungua ukurasa mpya, akaandika juu kwa wino mwekundu: *Meza ya duara*. Akapiga mstari chini yake kwa rula. Kisha akasema kichwa kinamgonga, wataendelea wiki ijayo. Aliumwa siku tisa. Ukurasa ule ulibaki na kichwa chake na mstari wake, na chini ya hapo haukuandikwa kitu.

Alimpenda mwanamke yule, na hakuwa na njia ya kulisema hilo ila kwa kazi ya mikono yake: kiti cha Mwalimu hakukigusa, wala hakuruhusu kiguswe. Kilikaa palepale karibu na dirisha, na mto wake wa kijani. Wao watano walikula wamekizunguka miezi kumi. Mtu aliyetoa viti vya wasiofika maisha yake yote alikuwa na kiti kitupu nyumbani kwake, naye alikuwa akikiangalia kila tonge, kama alivyowahi kumwonya mlinzi kwamba watu hufanya.

Mwanawe wa kwanza, ambaye wadogo zake walimwita Dada, alikuwa na miaka kumi na saba. Siku moja alilikuta daftari juu ya kabati, akalipangusa vumbi, akaliweka mbele ya baba yake.

"Mtihani ni baada ya miezi miwili," akasema. "Mama aliishia hapa. Tunaanzia hapa."

Bwana Viti alitaka kukataa, akaona aibu kumkatalia. Dada akamuuliza: watu sita, meza ya duara, njia ngapi?

"Mia saba na ishirini."

"Hapana, Baba. Hiyo ni mstari. Duara halina mwanzo."

"Mwanangu, hizo meza nimezipanga kabla hujazaliwa. Meza ina mwanzo. Mwanzo ni kiti kinachotazama mlango."

"Kwenye swali hakuna mlango."

"Chumba kisicho na mlango ni kaburi," akasema Bwana Viti. Pacha wawili waliokuwa wakichora sakafuni wakainua vichwa. Kitindamimba, wa miaka sita, aliendelea kula andazi lake.

Dada hakukata tamaa. Katika hilo alikuwa mama yake mtupu. Aliwaita wote mezani, kila mtu mahali pake pa siku zote. "Sasa kila mtu ahamie kiti cha kulia kwake, halafu aangalie amekaa karibu na nani. Majirani wakiwa walewale, basi huo ni mpangilio uleule, hatuuhesabu mara mbili." Wakahama, makelele na kusukumana. Kitindamimba naye akahama, na kiti cha kulia kwake kilikuwa kile cha dirishani. Alishakiinamia, mkono mmoja juu ya mto wa kijani.

"Hapo hapana!"

Ukali wa sauti ulimshtua hata mwenyewe. Mtoto alirudi nyuma, midomo ikaanza kutetemeka. Bwana Viti akamvuta kwake, akampakata, akaona haya, lakini neno lake hakulirudisha. Kiti ni cha Mwalimu.

Dada alimtazama baba yake, akakitazama kiti. Kisha akasema polepole, "Sawa. Mama asihame. Kuna njia nyingine, nayo ni rahisi zaidi. Kwenye duara unamshika mtu mmoja asiondoke mahali pake, halafu unawapanga waliobaki. Tumshike Mama. Tumebaki wangapi?"

"Watano."

"Wapange."

Tano, nne, tatu, mbili, moja. "Mia na ishirini," akasema Bwana Viti, na machozi yakamtoka hapohapo mbele ya watoto wake, bila kujificha. Jibu lilikuwa sahihi. Dada akaliandika chini ya ule mstari mwekundu.

Tangu siku hiyo hesabu za duara hazikumsumbua. Watu saba? Mmoja ni Mwalimu, yuko dirishani. Waliobaki sita, njia mia saba na ishirini. Wajumbe wanane wa kamati? Mmoja ni Mwalimu, wamebaki saba, njia elfu tano na arobaini. Katika kila kundi la watu wasio na majina alimwingiza mkewe, akamkalisha kwanza, ndipo akawapanga wengine. Ulikuwa ni mkutano wake na marehemu, na aliusubiri Jumapili hadi Jumapili.

Siku ya mtihani ikafika, na mtihani ulifanyiwa ukumbini kwake. Mpanga viti mwingine hakuwepo, kwa hiyo alivipanga mwenyewe asubuhi, safu kwa safu, goti likimuuma.

"Leo bwana harusi anajipikia pilau mwenyewe," mlinzi akamtania.

"Acha maneno, shika upande huo."

Kiti kimoja kilikuwa na mguu mfupi. Alikisukuma nyuma kabisa karibu na ukuta, akijua watahiniwa wengine hawatafika, na kama bahati ipo, mmoja wao ni wa pale. Majina yalipobandikwa, kiti kile kikawa chake. Akakunja karatasi, akaitia chini ya mguu, akakaa.

Saa tatu kamili msimamizi alifunga mlango. Watatu hawakufika. Mikono ya Bwana Viti ilimwasha kuinuka, lakini mlinzi alishaingia, akavibeba viti vile vitatu kimoja kimoja. Alipopita karibu naye alimkonyeza na kumnong'oneza maneno yake mwenyewe: "Asiyekuwepo na lake halipo."

Maswali yalikwenda. Mpiga picha alikuwepo, vitabu vya rafuni vilikuwepo. Swali la arobaini na moja lilisema hivi: *Baba na watoto wake wanne wameketi kuizunguka meza ya duara. Wanaweza kuketi kwa njia ngapi tofauti?*

Hakulifikiria hata kidogo. Aliiona meza, akaliona dirisha, akamshika Mwalimu asiondoke, akawapanga watano: mia na ishirini. Majibu manne yalikuwa yameorodheshwa na mia na ishirini ilikuwa ya kwanza. Akaizungushia duara kwa penseli, akaingia swali la arobaini na mbili.

Lakini hakulimaliza. Kitu kilimrudisha nyuma. Akasoma tena. *Baba na watoto wake wanne.* Siku zote aliambiwa watu saba, wajumbe wanane, basi mmoja wao akamfanya Mwalimu na hakuna aliyelalamika. Hawa watano walikuwa wametajwa wote. Baba mmoja, watoto wanne, na hesabu imekamilika. Aliyetunga swali hakumjua Mwalimu, na hakumwekea kiti.

Alibaki na penseli hewani. Alijua sasa jibu sahihi linadai nini. Kumpa Mwalimu nafasi ni kukosa, na kukosa ni barua ya kupumzishwa. Kupata ni kuandika kwa mkono wake kwamba wao ni watano. Saa ya ukutani ilikuwa ikienda. Akawaza: kama si yeye, nani ashikwe asiondoke? Dada mwakani atakwenda chuo. Pacha hawatulii hata wakiwa usingizini. Kitindamimba bado anakua. Lazima awepo mmoja wa kukaa tuli ili wengine wazunguke, wajue meza iko wapi.

Akajishika yeye mwenyewe. Wakabaki wanne. Nne, tatu, mbili, moja. Akachukua kifutio, akafuta lile duara mpaka karatasi ikachakaa, akazungushia ishirini na nne. Kisha akainamisha kichwa juu ya mkono, na msimamizi akaja kumuuliza kama anaumwa.

"Ni goti tu," akasema.

Matokeo yalitoka baada ya wiki tatu. Aliyaleta nyumbani yakiwa yamekunjwa mfukoni, akamkabidhi Dada. Kufaulu kulitaka alama hamsini. Yeye alikuwa na hamsini kamili, na kila swali lilikuwa na alama mbili. Pacha walipiga mbio kuzunguka nyumba nzima wakipiga kelele kwamba Baba ni karani. Dada alisoma barua mara mbili, akaketi.

"Umepona kwa swali moja, Baba. La meza ya duara lilikuja?"

"Lilikuja. Baba na watoto wanne."

"Ukajibu ngapi?"

"Ishirini na nne."

Dada alihesabu kimoyomoyo, na baba yake aliuona uso wake ukibadilika alipofika mwisho. Alitazama dirishani, kwenye mto wa kijani, kisha akayarudisha macho.

"Ulimshika nani asiondoke?"

"Mimi," akasema Bwana Viti.

Dada aliukamata mkono wa baba yake, akauweka juu ya meza, wakakaa hivyo kidogo. Halafu Bwana Viti alisimama, akaenda dirishani, akakinyanyua kiti cha Mwalimu pamoja na mto wake. Dada alitaka kumpokea kwa sababu ya goti, akamkatalia kwa kichwa. Alikibeba taratibu mpaka chumbani kwake, akakiweka upande wa kitanda aliokuwa akilala mkewe. Aliporudi, alivisogeza vile vitano kidogo kidogo, akawaita watoto waje kula.