Hanus Hataki Droni Mlangoni

Tangu asubuhi Hanus alikuwa hakai, hasimami. Vidonge vyake vya moyo vilikwisha juzi, mashua ilishindwa kuvuka kuja kisiwani Svínoy kwa ajili ya mawimbi, na sasa nesi Bjørg alikuwa kwenye simu, akimwambia droni italeta dawa mpaka mlangoni.

"Mlangoni hapana. Itue juu, kwenye zizi la mawe."

"Mzee wangu, na moyo huo unataka kupanda mlima?"

"Nataka dawa. Umbea sitaki."

Ubishi wa mzee huyu haukuwa na dawa, lakini sababu alikuwa nayo. Jumamosi kijiji kizima kingeswaga kondoo kutoka mlimani, na tangu baba yake afariki, anayetangulia njia ya juu, kando ya genge linaloangukia baharini, ni Hanus. Wakijua anaumwa watamnyang'anya nafasi hiyo, na wa kwanza kuidaka atakuwa jirani yake Rólant. Siku zote mashua ilimletea dawa zikiwa zimefichwa chini ya viazi alivyoagiza. Kidude kinachonguruma juu ya mapaa utakifichaje?

Basi akapanda. Kila hatua chache alisimama, akijidai anatazama kondoo. Droni ilipompita juu, watu walikwisha kutoka nje huko chini, wamenyoosha shingo. Kifua kikambana, akakaa juu ya jiwe. Aliogopa, tena sana.

Aliyeteremka kutoka zizini na kifurushi mkononi alikuwa Rólant, ambaye alikuwa huko akiziba ukuta.

"Meza kwanza. Utanitukana baadaye."

Hanus akameza bila maji. "Sasa umejua."

"Nimejua leo? Wewe unalima viazi, Hanus. Nani anayelima viazi akaagiza viazi?"

Hanus akakitia kifurushi mfukoni.

"Miaka mitatu natembea nyuma yako kule gengeni," Rólant akaendelea. "Ulidhani naupenda mgongo wako?"

"Nilidhani unaimezea mate nafasi yangu."

"Naimezea. Ila sitaki kuipata kwa kukuokota chini ya genge."

Aibu ilimchoma Hanus kuliko kile kifua. Akangoja pumzi zimrudie.

"Jumamosi tangulia wewe," alisema, bila kumtazama. "Mimi nitakuja nyuma."