Mbuzi wa Kuazima

Munyao wa Ndeti ana ugonjwa mmoja tu, nao ni maswali. Ukimpita pale Kalama akichimba mitaro ya kuzuia mvua isibebe udongo wa mashamba ya watu, kazi iliyomlisha tangu ujana, jiandae kusimamishwa. Atakuuliza kama mchwa hulala. Atakuuliza ni nani aliyekaa chini akaamua wiki iwe na siku saba, na kama alishauriana na mtu. Shule aliiacha darasa la sita baba yake alipofariki, na mwalimu wake wa zamani hupenda kusema kwamba huo ndio mwaka aliopata kupumzika.

Maswali hayo aliyarithisha binti yake, Tracy. Tangu akiwa mdogo babake alikuwa akimkalisha kwenye ukingo wa mtaro, wanatazama mawingu yanayopita bila kudondosha tone, wanaulizana mvua hujuaje kwamba wakati wake umefika, na mbona miaka mingine husahau. Basi msichana alipofaulu mtihani na kupata nafasi chuo kikuu, alichagua kusomea sayansi ya hali ya hewa. Wanakijiji walicheka wakasema huyo anakwenda kumtafutia babake majibu. Munyao hakukasirika, kwa sababu ndivyo alivyofikiri yeye pia.

Lakini nafasi ni kitu kimoja na karo ni kitu kingine. Bila basari ya serikali, Tracy angerudi kushika jembe kando ya babake, na nyumba nzima ilijua hivyo. Ndipo chifu akatangaza barazani kwamba kamati ya basari ingetembelea kila nyumba yenye mwombaji, ione hali kwa macho kabla ya kupendekeza jina. Watu walipiga makofi. Munyao alinyoosha mkono.

"Chifu, nauliza tu. Serikali hupima umaskini na nini? Na mizani ama na futi?"

Baraza lilivunjika kwa kicheko na chifu akamwambia aketi. Aliketi, lakini swali lilibaki limesimama. Siku zilizofuata alichimba huku akilizungusha kichwani. Je, watatazama bati? Watafunua sufuria? Ama wataangalia visigino vya mtu, maana kwa maoni yake visigino havijui kudanganya.

Mkewe Nzilani hakuwa na maswali ya namna hiyo. Yeye alisikia jambo moja tu: mgeni wa serikali anakuja kwake. Nzilani alilelewa na mama ambaye angeazima chumvi vijiji vitatu kuliko mgeni aone upungufu. Akawaita wenzake wa mwethya, kile kikundi cha majirani wanaofanyiana kazi, leo kwangu, kesho kwako. Siku zote mwethya huja na majembe. Siku hiyo walikuja na viti vya sofa vichwani, mapazia ya waridi, vitambaa vya kufuma, chupa ya chai na vikombe vyenye ukingo wa dhahabu. Jirani yao Musembi, ambaye hapendi kuachwa nyuma, akaleta mbuzi wake wa maziwa na kuwafungia katika zizi la Munyao, lililokuwa tupu tangu kiangazi kirefu. Wana wa mbuzi hao aliwaacha kwake, kwa kuwa hakuna aliyeona haja ya kuwaswaga hata wao.

Tracy angewaonyesha kosa lao kwa neno moja, lakini alikuwa Kyumbi akimsaidia shangaziye kuuza maembe barabarani. Aliyebaki wa kuuliza ni Munyao.

"Mama Tracy, huyu mgeni akiona hii mali yote, si atasema sisi tuko nazo?"

"Na akikuta nyumba tupu, atasema mimi nilifunzwa na nani?"

Munyao aligeukia sofa. Akajaribu kuikalia, akaona ni laini, akaegemea.

Mgeni alikuwa mwanamke wa makamo aliyejitanda mtandio wa kijani, jina lake Hafso. Jamaa zake ni Wasomali wanaouza mifugo Machakos mjini, na wafanyabiashara wa huko walikuwa wamemchagua awawakilishe kwenye kamati. Alizaliwa mjini humo humo, na alipofika mlangoni alimsalimia Nzilani kwa Kikamba safi.

"Wi museo, mwaitu?"

"Ni museo!" Nzilani alimeremeta kwa furaha.

Hafso alikalishwa, akamiminiwa chai nzito ya maziwa. Akatazama sofa. Akatazama mapazia. Munyao naye alimtazama anavyotazama, akiwa na hamu ya kujua hicho kipimo kitatolewa saa ngapi. Hakikutolewa. Mgeni alimaliza chai, akasimama, akashukuru.

"Mko vizuri sana hapa," alisema. "Mungu awazidishie. Kuna wengine hata pa kukaa hawana, wacha niende kwao."

 Hapo ndipo Munyao alipoelewa kwamba kipimo kilikuwa kimeshatumika, na kwamba binti yake alikuwa amepimwa kwa viti vya watu. Alitaka kusema, lakini angesemaje mbele ya mkewe aliyekuwa bado anatabasamu? Akamsindikiza mgeni uani, mkewe akifuata nyuma.

Pale uani Hafso aliona mbuzi. Na mtoto wa wauza mbuzi hapiti mbuzi hivi hivi.

"Mashallah! Huyu mweupe amezaa mara ngapi?"

Munyao alimtazama Nzilani. Nzilani alitazama paa.

"Mara... kadhaa," alisema Munyao.

"Na mbona chuchu zimejaa hivi? Watoto wake wako wapi?"

Kwa mara ya kwanza maishani Munyao alionja wanachokionja watu anaowasimamisha njiani. Alikohoa. Alijikuna. Kabla hajatunga neno, sauti za wana mbuzi zilisikika kutoka ng'ambo ya shamba, nyembamba, zenye njaa. Mbuzi mweupe aliinua kichwa, akaitikia kwa kilio, akaruka ua. Wengine wakaangusha fito wakamfuata, wakapita katikati ya mgeni na mwenye nyumba bila hata kuaga, wakashika njia ya kwa Musembi.

Hafso aliwasindikiza kwa macho mpaka wa mwisho akapotea.

"Mzee, mbuzi zako zinaenda wapi?"

"Zinaenda kwao," alisema Munyao.

Nzilani aliketi chini pale pale, akajifunika uso kwa leso na kulia. "Si zetu, mgeni wangu. Hata sofa si yetu. Hata hiyo kikombe umekunywia ni ya mke wa Musembi. Sisi hatuna kitu. Niliona tu aibu."

Hafso alichuchumaa karibu naye. Hakucheka, ingawa pembe za mdomo zilitaka. "Sasa mama, hapa chenu ni nini?"

Nzilani alifikiri. Kisha akainuka, akazunguka nyuma ya jiko, akarudi na kuku mweusi kwapani, mwenye shingo isiyo na manyoya.

"Hii ni yangu. Na mgeni haendi mikono mitupu. Shika."

Hafso alirudisha mikono nyuma. "Siwezi, mama. Watasema nimehongwa, na msichana atakatwa jina."

Mikono ya Nzilani ilibaki imenyooka na kuku wake. Viti vimeumbuka, mbuzi wamemkana, na sasa hata kilicho chake kimekataliwa. Hafso aliuona uso ule, akamgusa kuku kichwani.

"Basi nimeichukua, ni yangu. Lakini niwekeeni hapa. Siku Tracy atavaa joho, nitakuja kuibeba."

Nzilani alielewa mara moja, akafuta machozi. Munyao alichelewa kidogo, na alipoelewa alishika kifua kwa furaha. Halafu ugonjwa wake ukamrudia, akamgeukia Hafso.

"Lakini mama, kuku huishi miaka mingapi?"

Basari ilitoka. Tracy sasa yuko mwaka wa tatu, na Munyao hajaacha kumuuliza kila anayempita juu ya umri wa kuku. Kila mmoja humpa jibu lake. Kuku mwenyewe ameacha kutaga, anachechemea, na hulala ndani ya nyumba karibu na jiko.

Juzi pasta aliwatembelea na wazee wa kanisa, bila taarifa. Munyao alimwona mkewe akisimama mlangoni, akiwatazama wageni, akimtazama kuku aliyekuwa akipita mbele yao polepole. Hakutuma mtu kwa Musembi. Aliingia ndani akatoka na sahani za isyo, mahindi na maharagwe, na chai ya rangi.

"Karibuni," alisema. "Leo hatuna nyama. Hiyo kuku mnaona si yetu."