Yuda Yupi

Nililisikia trekta kabla sijaliona. Lilikohoa upande wa ghala, likanguruma, na ngurumo ile ikapanda kuja kwetu mpaka udongo ukapukutika ukutani. Mama mdogo, aliyekuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana, aliinua kichwa kitandani akasema, "Limekuja."

Nilikimbia nje. Trekta lilipita mbele yangu, tela limejaa viti vya shule na ngoma, likashika njia ya uwanjani, alikokuwa akisubiriwa mgeni kutoka wilayani.

Lilikuwa trekta letu sote. Ndivyo tulivyoambiwa tulipohamishiwa kijiji kile kipya, mbele kidogo ya Milola, tukaacha mikorosho yetu nyuma. Mimi niliamini. Nyimbo za udugu niliziimba mpaka mishipa ya shingo ikanitoka.

Mkunga alitoka akifuta mikono kwa kanga. Alikuwa jirani yetu, Mwislamu, na watoto wengi wa upande wetu walianzia mikononi mwake. "Mtoto amekingama," alimwambia bibi. "Mimi nimefika mwisho. Apelekwe hospitali ya misheni, sasa hivi. Nitamsomea dua. Na wewe mwite yule wako wa haraka."

Wa haraka alikuwa Mtakatifu Yuda Tadei, ambaye Wakatoliki humkimbilia jambo likishashindikana na muda umekwisha. Bibi alikuwa na picha yake ndogo, iliyolika pembe, mwanamume wa ndevu mwenye ulimi wa moto juu ya kichwa. Aliibeba katika pindo la kanga tangu walipoteremka kutoka uwanda wa Makonde. Watakatifu wengine aliwaomba kwa adabu. Huyu alimfanya mtani wake. Alimsuta, alimzomea, akamwita majina ambayo sisi tungeyatamka tungechapwa, na akipata alichoomba humwambia tu, "Haya, leo umefanya kazi."

Nilimfuata mpaka ofisi ya kijiji. Tuliomba trekta, tukaambiwa tusubiri nje, pamoja na watu wengine, chini ya dirisha. Bibi hakuweza kukaa. Alitembea huku na huku, mkono kwenye pindo la kanga, akiomba kwa sauti.

"Yuda! Umelala? Mwanangu anakufa, wewe umekalia kiti tu! Inuka, mvivu wewe!"

Dirisha lilifunguka. Mwenyekiti wa kijiji akatoa kichwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Hebu ingia. Ingia uniambie Yuda ni nani."

Ndani alikuwamo pia katibu, na kalamu yake. Bibi alisimama mbele ya meza. "Sikukuita wewe, Ndugu Mwenyekiti. Namwita mtakatifu wangu."

"Mtakatifu!" Mwenyekiti alicheka. "Kanisani siingii, lakini Yuda namjua. Si yule aliyemuuza mkubwa wake? Tena umesema amekalia kiti. Bibi, hapa kijijini mwenye kiti nani?"

"Yuda wako wawili, mwanangu. Wangu ni Tadei."

"Wawili! Na mimi umenifanya wa tatu?" Alimgeukia katibu. "Ndugu Katibu, wewe ndiye Mkatoliki. Yuko Yuda mtakatifu?"

Nilishusha pumzi. Katibu alikuwa mwimba besi wetu wa Jumapili. Picha ileile, kubwa kuliko ya bibi, ilikuwa imetundikwa sebuleni kwake. Niliiona mara nyingi nilipotumwa kuomba moto. Alifungua kifuniko cha kalamu, akakifunga.

"Mambo hayo siyajui sana, Mwenyekiti."

Hapo ndipo hasira yangu ilipo hadi leo. Mwenyekiti alikosea, na hakuwa amefundishwa na mtu. Lakini yule alijua! Alijua, na mama mdogo alikuwa akilia umbali wa kutupa jiwe, naye akachagua kuchunguza kalamu.

"Basi," alisema Mwenyekiti, "trekta likishusha viti litamchukua binti yako. Lakini watu wamenisikia nikiitwa Yuda. Nenda dirishani uwaambie hakuna Yuda mtakatifu, umekosea, unaniomba radhi. Kisha namwita dereva."

Bibi alimtazama katibu. Alimpa nafasi ya kutosha. Kisha akaenda dirishani.

"Hakuna Yuda mtakatifu," alisema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani. "Nimekosea. Namwomba radhi Mwenyekiti."

Wenzangu wa kuandika hucheka nikiwasimulia. Wanasema ni kichekesho kizuri, na mtoto si alizaliwa salama? Alizaliwa salama, hospitalini, jioni ileile, na mama yake akarudi mzima. Nashukuru. Lakini sicheki. Ni udugu gani huu, mama mzima amkane rafiki yake ili apewe tela la kijiji chake mwenyewe? Na kwa nini hasira iwe yangu peke yangu, wakati chini ya dirisha lile walisimama watu waliosali naye kila Jumapili, wote wakitazama vidole vyao vya miguu?

Tulisikia trekta likirudi. Mwenyekiti alipiga kelele dirishani, dereva akaelekezwa nyumbani kwetu. Katibu alinyanyuka haraka, akatushikia mlango.

"Bibi," alinong'ona, "mtakatifu ataelewa."

"Ataelewa," alisema bibi. "Yeye amezoea kufananishwa na yule mwingine. Wewe ndiyo kwanza unaanza."

Akatoa picha kwenye pindo la kanga, palepale kizingitini, wote wakimwona. "Haya, mvivu," aliiambia, "twende, gari limekuja." Akanishika mkono, akautoa mlango mikononi mwa katibu, na akaufunga nyuma yetu.