Damu ya Mama Mdogo na Dagaa wa Mwamgongo

Mimi utoto wangu niliumalizia Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika, na mdomo wangu wakati huo ulikuwa mrefu kuliko gati la Kigoma. Shule niliacha darasa la tano. Si ujinga, walimu waliishiwa vya kunifundisha. Kwa hiyo ninachosimulia hapa aminini tu.

Miaka ile ya wakimbizi watu walikuwa wanavuka ziwa kutoka Kongo kama kumbikumbi waliotoka shimoni. Mdogo wake mama, Mama mdogo Feza, alivuka na kanga moja mwilini. Mumewe alibaki kule, chini ya udongo. Mama, ambaye naye kwao ni kulekule, akampokea, akamtafutia kazi ya kuanika dagaa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki.

Sasa mwalo wetu ulikuwa na sheria yake. Mwanamke aliye kwenye siku zake hashuki mchangani. Anabaki juu, kwenye njia ya mashamba ya mihogo, na dagaa wake anaanikiwa na mwenzake. Akikanyaga mchanga, au Mungu apishe mbali aruke wavu, dagaa wanasikia harufu wanakimbilia Zambia. Siku za kila mwanamke zilijulikana mwalo mzima, kama unavyojulikana mwezi ukiandama.

Za Mama mdogo ndiyo hazikujulikana. Zilikuja, zikakatika, kitambaa hakijakauka kambani zimerudi. Mara zipotee kabisa, mara zikija zigome kuondoka. Asubuhi anashuka mwaloni, kabla ya mchana anapanda mbio kajifunga kanga mbili. Wenzake wakaanza kununa.

"Huyu anatudanganya," walisema. "Siku gani hizo zisizo na mpango? Hiyo ni damu ya mume wake inamfuata."

Halafu likaja giza la mwezi, wakati ambapo dagaa hufuata taa, na mitumbwi ikarudi mitupu. Tajiri wa mitumbwi alikuwa Mzee Bilali. Mtu huyu tumbo lake lilikuwa linafika asubuhi, mwenyewe anafika adhuhuri. Akaja nyumbani kwetu bila hodi.

"Shikamoo, Mzee," mama akasema. "Maana naona umeingia kama mbuzi."

"Marahaba. Huyo mdogo wako aondoke. Aende kambini na wakimbizi wenzake."

"Kambini hana mtu. Mtu wake ni mimi."

"Basi ondokeni wote. Damu ya namna hiyo ni ya kichawi."

Mama mdogo alikuwa amekaa pembeni ya kinu. Akasema polepole, kwa Kiswahili chao cha Kongo, "Mi siko mulozi, baba." Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Mwalo ukamuunga mkono Mzee Bilali, ikapangwa boti ya kumpeleka kambini. Siku ya kumtoa, mwalo wote ulishuka kuangalia. Mwanamke mmoja alitema mate kwenye maji. Boti ikang'oa nanga, na mama yangu anatabasamu mpaka nikashangaa. Kumbe mwenye boti alikuwa mtani wake. Walipozunguka tu miamba akamshusha, na jioni Mama mdogo akarudi kupitia mashambani, kajitwika mzigo wa kuni uliomfunika uso. Akaingia chumbani nyuma ya pazia, tukafunga midomo. Mimi kunyamaza kule ndiko kulikodumaza urefu wangu.

Ndipo dagaa wakaja. Jamani! Wavuvi walikuwa wanachota kwa sufuria. Paka wa Mwamgongo walivimba wakaacha kukimbiza panya, na panya nao wakavimba. Mzee Bilali akasimama mchangani kama yeye ndiye aliyelichimba ziwa.

"Mmeona? Uchafu umetoka, neema imeingia!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama hakuvumilia. Akapanda nyumbani, akarudi kamshika Mama mdogo mkono, akapita naye katikati ya watu mpaka kwenye nyavu.

"Aliyewafukuzia dagaa huyu hapa," akasema. "Hajaondoka. Damu inamtoka tangu mlipompakia kwenye boti mpaka sasa hivi, na dagaa wenu anawala kila siku. Haya, semeni tena!"

Mimi nilishaanza kucheka, nasubiri waanguke kwa aibu. Mzee Bilali akatazama mitumbwi iliyojaa, akamtazama Mama mdogo.

"Basi mtoeni haraka," akasema, "kabla hawajajua."

"Kabla nani hajajua?" mama akauliza.

"Dagaa."

Na watu wazima wenye ndevu zao wakaitikia, "Kweli, kweli!"

Hapo ndipo Mama mdogo alipoanguka. Midomo imekuwa myeupe kama unga wa muhogo. Wanaume wawili wakaruka mbele, nikadhani wanakwenda kumwinua. Walikuwa wanauvuta wavu asiulalie.

Mama na yule mtani wake wakambeba mpaka kwenye boti, wakampeleka hospitali Kigoma, na mimi nyuma nalia. Nesi aliyempokea alimuuliza, "Mama, unaumwa wapi? Tangu lini?" Mama mdogo akaangua kilio. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi. Wakamwongeza damu, baadaye wakampasua, akapona. Leo anakaa Gungu, hapohapo Kigoma mjini, mnene, mbishi kama mimi.

Nami siku zangu ziliwahi kuparaganyika, ukubwani. Nikaenda kuuliza, nikaelezwa kwamba sababu ni nyingi: uvimbe, sindano za uzazi wa mpango, mimba kuharibika, njaa na mashaka ya vita, au umri tu unageuka. Ndiyo maana mtu anapimwa. Sasa nikisikia mtu anasema damu ya fulani ina mkosi, ugomvi wangu unasikika mpaka Kalemi ng'ambo.

Mama mdogo anasema ameshawasamehe watu wa Mwamgongo. Ni wake huo msamaha, mimi sina. Wale watu waliihesabu damu yake kila siku, wakajua imekuja lini na imekatika lini, na wote wale, hata mama yangu aliyempigania vile, hakuna aliyewahi kumuuliza kama inauma.