Rula Juu ya Sado

Nianze na ujinga wangu, maana ndio uliofungua utumishi wangu na nusura ufunge duka: siku ya kwanza kazini nilimpimia Bibi Skola maharage, kisha nikayafuta kwa rula ya shule.

Nyie vijana wa kidato cha kwanza mnaosoma hapa hamtauelewa uzito wa kosa hilo. Kaeni vizuri. Mimi ni mstaafu wa kidato cha tatu, nimetumikia duka la mama yangu likizo nzima ya mwezi wa sita, na mgongo wangu mpaka leo unakumbuka.

Sado ni ndoo ndogo ya plastiki tunayopimia nafaka. Mkisikia imejaa msidhani kazi imekwisha, ndiyo kwanza inaanza. Muuzaji anaendelea kumimina taratibu huku amekinga mkono ukingoni, mpaka maharage yasimame juu kama kichuguu. Yanayoporomoka ni ya muuzaji, yanayosimama ni ya mteja. Kichuguu hicho hakina bei, lakini kwa ajili yake mtu anatoka kijijini Mollo na baridi yote ile ya asubuhi, anayapita maduka mengine, anakuja kwako.

Sasa mimi nilikuwa nimechungulia supamaketi mpya iliyokuwa karibu kufunguliwa barabara kubwa. Mlango wa kioo unaojifungua wenyewe, vitoroli vimepangwa, pakiti za sukari zimenyooka kama wanafunzi paredi. Nikatazama duka letu, magunia yamekaa yanavyotaka, paka amelala juu ya chumvi. Nikaona hapa bila usasa tumekwisha.

Bibi Skola, ambaye maharage yake mwenyewe yalikuwa bado hayajapurwa, ndiye akawa mteja wangu wa kwanza. Nikajaza sado, nikatoa rula, nikapitisha. Srrr. Kichuguu kikaanguka chote guniani. Juu pakawa tambarare kama uwanja wa ndege.

"Mjukuu wangu, hicho ni nini?"

"Rula, bibi. Ni kipimo cha kisasa."

"Naiona ni rula. Nauliza unapima maharage au unanipima mimi?"

Akaikamata sado, akayarudisha maharage guniani, akavuta khanga yake. Mlangoni akageuka akamwambia mama, "Mama Ipyana, nitarudi siku mtakapopata mtu dukani."

Ipyana ndiye mimi. Na ili mjue kwa nini mama alikaa chini juu ya gunia la chumvi, karibu amkalie paka, lazima niwaeleze Bibi Skola ni nani. Ni mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya yao kule Mollo. Kila mwaka mavuno yakishaingia ndani, watoto wao wanapata kipaimara, na akina mama wanaandaa sherehe. Hawaji dukani na hela. Wanakuja na magunia ya maharage na ulezi, na mama anawabadilishia kwa mchele, sukari, mafuta na chumvi. Mama ni mtu wa Mbeya. Maharage anayapakia kwenye lori, mjomba anayauza huko. Shughuli ya siku hiyo moja ndiyo inayolibeba duka mpaka mvua zirudi. Na mwaka huu mwenye fremu, chumba cha duka tunachopanga, alishamwambia mama waziwazi: supamaketi ikifunguliwa naye akaona duka linayumba, fremu anampa mtu wa kuuza simu. Tukikosa fremu, tunarudi Mbeya kwa mjomba, mama na mimi na paka.

Meneja Mkuu, yaani mama, hakunipiga. Alinihamishia kituo cha pili, stoo ya nyuma, cheo changu kikawa mbeba magunia. Usiku alipopakua ugali, akachukua rula yangu, akailowesha maji, akakata kilele cha ugali wangu mpaka sahani ikalingana.

"Kisasa," alisema.

Supamaketi ikafunguliwa na muziki mkubwa mpaka mbuzi wa jirani akakata kamba. Mtaa mzima ukahamia kule. Mzee Kasiani, jirani yetu aliyeuza sabuni, misumari na betri, alikaa mlangoni kwake wiki nzima akipiga miayo. Kisha akafunga. Alipokuja kuaga, mama alimpa kiti.

"Sabuni yao ni bei ninayonunulia mimi, mama," alisema Mzee Kasiani. "Nishindane na nini? Ngoja nikalime Mpui. Mahindi hayana milango ya vioo."

Tulicheka, ila mama alicheka huku anaangalia kalenda ya ukutani.

Ndipo nikapandishwa cheo, nikawa mpelelezi. "Nenda kaangalie wanauzaje," aliniambia Meneja Mkuu. "Usiguse kitu. Na hiyo rula iache hapa."

Nilikwenda, nikatembea kati ya rafu kama mkaguzi. Palikuwa pazuri, sitadanganya. Pana joto kuliko kwetu. Kwenye kulipia nikamkuta mzee mmoja anamwomba keshia ampimie nusu ya sukari ya kwenye pakiti. Keshia, binti mpole tu, akamjibu, "Mfumo hauruhusu, babu." Mzee akaomba basi aongezewe kidogo. "Mfumo hauruhusu." Mzee akauliza huyo Mfumo yuko wapi, aende akamsalimie.

Niliporudi nikampa mama ripoti yote. Sabuni hatuwezi, betri hatuwezi, biskuti hatuwezi. Usiku nikaomba kuongezewa ugali.

"Mfumo hauruhusu," alisema mama, akafunika sufuria.

Siku zikaenda. Nikasikia kanisani kwao wametangaza kipaimara, na Mollo hakuna aliyekuja. Mama akaanza kufunga baadhi ya vitu kwenye maboksi, akisema anapangusa vumbi tu. Hakuna vumbi linalopanguswa kwa kamba.

Asubuhi moja akanituma tena kupeleleza. Kabla sijafika nikasikia kelele. Mbele ya mlango wa kioo guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, lilikuwa limesimama na magunia matano. Bibi Skola na akina mama wenzake, wamejifunga khanga za kanisa juu ya masweta, walikuwa wanasukuma gunia la maharage ndani ya kitoroli. Mlango unajifungua, unajifunga, unajifungua, unajifunga. Mlinzi kaweka mikono kichwani.

"Mama zangu, gunia haliingii!"

"Mbona limeshaingia?" alijibu mama mmoja. "Wewe shika mlango."

"Hapa tunauza, hatununui!"

"Nani kakwambia ununue?" alisema Bibi Skola. "Tunabadilishana. Chukua maharage, lete mchele. Hii ni mara yako ya kwanza kuona duka?"

Keshia akaitwa. Akalitazama gunia, akatafuta pa kulipigia ile taa nyekundu inayosoma bei, akakosa. Akasema kwa huruma maneno yale niliyoyajua.

Hapo nilikuwa nimejificha nyuma ya guta, na nawaambia ukweli, nilitaka kukimbia. Ila nikayakumbuka yale maboksi yenye kamba. Nikatoka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ah! Mwenye rula!" Alisema kwa sauti ya kufika Mpui. Akina mama wote wakageuka. "Jamani, njooni mmwone aliyenikatia maharage kama nywele!"

"Bibi, nilikosa," nikasema. "Mama hakunituma. Alinikatia na mimi ugali mpaka leo. Naomba mrudi kwake, rula siishiki tena."

Wakaangaliana. Mmoja akasema, "Mtoto amekonda kweli." Bibi Skola akanizunguka kama anakagua mbuzi wa mnada.

"Tutarudi," alisema, "lakini utatupimia wewe. Kila sado. Na nikiona kichuguu kimelala, narudi kwa huyu wa mlango."

Tulisukuma guta mpaka dukani, na mengine yenye magunia yakafuata kutoka Mollo. Mama alipotuona alisimama, akashika kaunta, kisha akaanza kufungua yale maboksi. Nikapima mchele, nikapima sukari, nikapima chumvi. Nyuma yangu akina mama wameketi kama majaji: "Ongeza huko kushoto." "Hicho ni kichuguu au kaburi la panya?" Jioni mikono yangu ilikuwa kama si yangu. Magunia ya maharage yalijaa mpaka uvunguni mwa kaunta, na Bibi Skola akaichukua sado ya mwisho, akaitazama kwa upande, akasema, "Sasa mmepata mtu."

Lori la Mbeya lilikuja, likapakia, likaenda. Mwenye fremu alipita, akakaribishwa chai, akatoka akimwambia mtu wa simu atafute kwingine. Mama alilala siku ile mpaka jua likawaka. Sijawahi kumwona akilala hivyo.

Mkiniuliza mimi mstaafu nimejifunza nini, sina hotuba. Supamaketi ipo na itakuwepo, na mama mwenyewe sabuni ananunua kule. Mzee Kasiani hajarudi, na mlango wake nikiupita bado naona vibaya. Lakini jioni yule keshia anakuja kwetu, kavua sare, anapimiwa mafuta ya kula kwenye kichupa chake, na mama anamdondoshea kidogo juu. Siku ya kwanza aliuliza hiyo ya juu ni ya nini. Siku hizi anasubiri.

Nilistaafu rasmi jioni ya mwisho kabla shule haijafunguliwa. Mama alinirudishia rula, kaifuta vizuri. Kisha akapakua ugali, mwiko wa kwanza, wa pili, wa tatu, akauzungushia mkono mpaka ukasimama juu ya sahani kama mlima. Nikaangalia mlima, nikamwangalia yeye.

"Mfumo umeruhusu," alisema mama. "Kula kabla haujabadilika."