Gia Nne za Kurudi Nyuma

Wakoli hakuweza kupita chuma kilichotupwa bila kukigeuza kwa kidole cha mguu. Kavetsa, mkewe, alishazoea. Wakitoka kanisani, hufika nyumbani Kawangware peke yake, mumewe akiwa ameinama mahali huko nyuma, anauliza wenye karakana chuma fulani kilikuwa cha nini. Kazi yake ilikuwa kuchomelea milango kando ya barabara, juu ya kichwa chake hakuna hata bati moja. Mvua ikinyesha, kazi imelala.

Ndipo Shafi, mwenye nyumba za kupanga kule Makina, Kibera, alipomwahidi chumba. Mama yao alikuwa amewaachia yeye na dada yake Mabrouka kijishamba cha mboga, sukuma na mrenda, na Shafi alitaka kujenga hapo vyumba kumi. Cha mbele kingekuwa karakana ya Wakoli. Kilichobaki ni huyo dada. Mgongo wake ulikuwa umekataa jembe, lakini shamba la mama hakuwa tayari kuliachia. Wakakubaliana: akiweza kulilima mwenyewe, bila kibarua, kabla ya mvua za Machi, libaki shamba. Asipoweza, mawe yashushwe.

Wakoli alipokwenda kupima milango, alimkuta Mabrouka amepiga magoti juu ya mto wa kochi, anachimba kwa kisu. Mtu mwenye akili timamu angepima milango akaenda zake. Yeye akauliza.

"Mama, ukipata kitu cha kuvuta plau, wewe ukae tu juu, utaweza?"

"Kitu gani hicho?"

"Hata mimi sijui. Wacha nione."

Kavetsa aliposikia alishika kiuno. "Baba Joan, hiyo si ni kujichoma? Hicho chumba si ni chako?"

Chumba Wakoli alikitaka, tena sana. Lakini swali lilikuwa limeshamwingia, na likimwingia halimtoki mpaka alione mwisho wake.

Kwa wiki tano akaokoteza vyuma vya kuunda trekta ndogo. Injini ilitoka kwenye pampu ya maji, usukani kwenye basi la shule lililozeeka, magurudumu ya mbele kwenye wilbaro mbili. Giaboksi ya gia nne aliipata kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu haikuwa na rivasi. "Shamba lenyewe ni kama leso," alisema. "Kurudi nyuma ni kwa nini?" Nyuma akafunga difu ya pikapu, ile inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Aliifunga juu chini, maana ndivyo ilivyokaa vizuri kwenye fremu. Akainua trekta juu ya mawe, akawasha, magurudumu yakazunguka. Akapiga makofi. Aliangalia kama yanazunguka. Kwamba yanazungukia upande gani, hakuangalia.

Trekta ikabebwa kwa mkokoteni hadi Makina, plau ikiwa imefungwa nyuma, siku ambayo mawingu yalikuwa yameanza kukaa vibaya. Mabrouka akafunga leso kiunoni, akapanda. Shafi alisimama ukutani, mikono nyuma. Wakoli akatia gia ya kwanza.

Trekta ikarudi nyuma, ikaegemea ua wa jirani.

Wakaisukuma kutoka hapo. Gia ya pili ikarudi nyuma kwa haraka zaidi. Ya tatu hawakuthubutu. Majirani walicheka mpaka wakashikana mabega: fundi aliyesema hahitaji rivasi alikuwa ameunda nne.

Mabrouka alishuka polepole. "Si kitu, mwanangu," alisema. "Umejaribu." Akaingia ndani, na Wakoli alijua ameenda kulia.

Shafi akamsogelea. "Fundi, unajua shida ni nini?"

Wakoli alikuwa amelala chini ya trekta. Alishaiona. "Difu. Imekaa juu chini. Ikigeuzwa, itaenda mbele."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

Shafi akatazama mawingu. "Basi wacha ikae hivyo. Chumba chako kiko."

Wakoli aliufikiria mlango wa chumba kile, ambao alikuwa ameshauchora kwenye daftari. Lakini mkono wake ulikuwa tayari na spana, na nati ya kwanza ilikuwa imelegea.

"Mzee, nisamehe," alisema. "Lazima nione."

Ilimchukua saa tatu. Mabrouka alipoitwa alikuja na macho mekundu, akapanda tena. Trekta ikatikisika, ikakohoa, ikaenda mbele, na nyuma yake udongo mweusi ukapinduka mstari baada ya mstari. Alikuwa anamaliza kona ya mwisho mvua iliposhuka. Shafi alisimama humo humo mvuani, akatikisa kichwa. "Ahadi ni ahadi," alimwambia dada yake, akaondoka bila kumuaga fundi.

Siku nne mfululizo ilinyesha. Wakoli alikaa nyumbani mikono mitupu, roho ikimuuma kwelikweli, na Kavetsa hakumsemesha. Alimwekea chakula mezani na kugeuka. Usiku wa nne akazima taa, akalala akiangalia ukuta. Wakoli akadhani mkewe ameshapitiwa na usingizi.

"Baba Joan," akasema. "Hiyo plau, ilikuwa inaingia chini kiasi gani?"